Pale pa Kuchekea

Shamba la Mkonge, Kilosa
8 Juni 1969

Dada Generoza,

Shikamoo. Ukiona mwandiko unarukaruka usidhani mdogo wako amelewa. Ni furaha tu. Kaa kitini, weka chaki chini, usome.

Tumewafunga Kidodi kwao! Matatu kwa moja, mbele ya wakata miwa wote, malori yao yamepangwa kando ya uwanja na watu wamejaa juu yake kama wako harusini. Winga wangu wa kulia, Kaika, yule kijana wa Kikwavi niliyekusimulia wakati wa Pasaka, aliwazungusha mabeki mpaka nikawaonea huruma. Mmoja alikaa chini kabisa katikati ya mchezo akawa anatazama viatu vyake. Mimi pembeni nilikuwa karibu kuimba.

Sasa jambo lenyewe. Wakubwa wa chama cha mpira cha mkoa walikuwepo. Wanatafuta meneja wa timu ya mkoa kwa mashindano ya taifa, na wamezunguka wilaya zote. Mwenyekiti wao, Mzee Mathayo, ni Mnyamwezi, mnene, mcheshi, na unajua sisi Wasagara na Wanyamwezi tulivyo watani. Alinishika mkono asiuachie. "Wewe Msagara, nani kakufundisha mpira? Babu zako walikuwa wakiona misafara yetu inapita wanakimbilia milimani!" Nikamjibu, "Tulikimbia na mahindi yetu, Mzee. Tuliwajua kwa kula." Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kabla hajauachia mkono akaninong'oneza kwamba kazi ni yangu, imebaki barua tu. Mimi, Makarius, mtoto wa Kisanga niliyekuwa nachezea mpira wa matambara! Tayari wilaya hii nzima mimi ndiye mtu peke yangu ninayelipwa mshahara kwa ajili ya mpira. Sasa itakuwa mkoa.

Jioni wenyeji wetu walitufanyia karamu, na mimi nikasimama kuwatambulisha wachezaji. Unanijua nikishika sahani ya wali mkononi na watu wananisikiliza. Kila mmoja nikamtania kidogo. Nilipomfikia Kaika nikasema, "Na huyu tumemtoa zizini juzi tu. Mnauliza kwa nini hakabwi? Mabeki wakimkaribia wanaziba pua!" Hapo nikanyamaza kidogo, nikaziba pua yangu hivi, nikayumba kama beki aliyezidiwa. Dada, watu walivunjika mbavu. Mzee Mathayo alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili.

Kaika mwenyewe aliweka sahani chini akatoka, na tangu siku hiyo hajaonekana mazoezini. Atarudi. Hawa watu wa ng'ombe ndivyo walivyo, wakinuna wananuna, halafu wanasahau.

Mama hajambo, nilipita Kisanga Jumapili. Anasema umemsahau.

Mdogo wako,
Makarius


Mikumi
19 Juni 1969

Mdogo wangu Makarius,

Marahaba. Mwambie Mama nitakuja shule zikifungwa, na asinisemee kwa majirani.

Hongera, hongera, hongera. Nilikuwa peke yangu nyumbani nikapiga vigelegele, jirani akaja mbio akidhani nina mgeni. Meneja wa mkoa! Baba angekuwa hai angechinja.

Ile ya kuziba pua imenimaliza. Nilicheka hadi machozi, nikaona nisifaidi peke yangu, nikaenda nayo shuleni nikawasomea walimu wenzangu wakati wa chai. Mwalimu Domina alipaliwa. Akaondoka kwenda darasani kwake bado anayumba kama yule beki wako, na mkono puani. Wewe mtoto, Mungu alikupa mdomo.

Ila niambie, huyo Kaika ni wa boma la mzee Kisio, hapa upande wa mbugani? Maana kama ndiye, mdogo wake Miriamu yuko darasani kwangu, darasa la sita. Ni msichana wa kwanza kutoka boma lile kufika hapo. Nilikwenda kwa baba yake mara nyingi kumbembeleza mpaka mbwa wao wakaacha kunibwekea. Ana akili yule mtoto, hesabu anazifanya kichwani wakati wenzake bado wanatafuta penseli. Natumaini ataingia sekondari, na siku hiyo nitajisifu kuliko wewe na mabao yako.

Kama ni huyohuyo, usimwambie kaka yake kwamba nimecheka.

Dada yako,
Generoza


Kilosa
3 Julai 1969

Dada,

Shikamoo. Furaha ya juzi imeota mbawa.

Tawi la TANU hapa shambani limepeleka malalamiko mkoani. Katibu wa tawi, Kornelio, alikuwepo kwenye ile karamu, alikula wali pamoja nasi, hakusema kitu, kisha akarudi akaandika kwamba meneja wa timu amefanya ubaguzi hadharani. Ubaguzi! Mimi? Ahadi za mwanachama nazijua kwa moyo, nazisema kila mkutano, na ya kwanza inasema binadamu wote ni ndugu zangu. Nimeitwa Morogoro mwisho wa mwezi mbele ya kamati ya chama cha mpira. Barua ya kazi ya mkoa imesimamishwa. Na bwana mkubwa wa shamba ameniambia waziwazi kwamba nikionekana na hatia huko, hata hii timu ya hapa sitaigusa tena. Nimekalia kuti kavu, dada.

Nikuulize wewe uliyesoma zaidi. Kosa langu ni lipi? Timu hii inaishi kwa utani. Wachezaji wangu wametoka kila pembe kuja kukata mkonge. Mhehe akiingia kambini anaitwa mla mbwa, anacheka, naye anarudisha la kwake. Mzigua anamnyang'anya Mnyamwezi chapati mdomoni na hakuna ugomvi. Nilimtania Kaika kama ninavyowatania wote, tena kwa kumpenda. Tatizo ni kwamba Kornelio anasema Wasagara na Wakwavi hawana utani. Nimewauliza wazee wawili wa hapa nao wanasema hawajawahi kuusikia.

Lakini utani si unaanzishwa? Hata huu wetu na Wanyamwezi ulianza siku moja mahali fulani. Basi nakuomba, dada, kwa maziwa ya Mama tuliyonyonya. Nenda kwenye boma la mzee Kisio. Wewe wanakuheshimu, unamfundisha binti yao. Mwombe Kaika aje Morogoro aseme neno moja tu, kwamba mimi na yeye tunataniana. Akisema hivyo kesi imekwisha, Mzee Mathayo atacheka, na mimi nitamchukua timu ya mkoa, nitamvalisha jezi mwenyewe.

Ndiye yeye, kaka wa Miriamu. Nilisahau kukujibu.

Makarius


Mikumi
15 Julai 1969

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimekwenda.

Mzee Kisio alikuwa malishoni, nikapokelewa na mama yao, Sipora. Ni mwanamke mtulivu, anavaa msalaba wake juu ya shanga. Nilipewa maziwa kwenye kibuyu, nikanywa, nikashukuru. Kaika alikuja akainamisha kichwa nimguse, kama desturi yao kwa wakubwa, akakaa mbali kidogo. Nilimweleza yote uliyoniagiza. Nilimwambia kwamba hukuwa na nia mbaya, kwamba ndivyo ulivyo tangu mdogo, na kwamba maisha yako yote yako mikononi mwake. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

Amekubali. Atakuja Morogoro.

Kuna jambo jingine la hapa shuleni, lakini nitakueleza ukishamaliza kesi. Lala usingizi sasa.

Generoza


Kilosa
2 Agosti 1969

Dada Generoza,

Uliniandikia amekubali. Ninayo hapa mbele yangu, kwa mkono wako, "Amekubali." Nililala usingizi kama ulivyoniambia, nikapanda treni kwenda Morogoro napiga mluzi. Sijui kama nikukasirikie au nijikasirikie mimi, kwa hiyo nitakueleza kama ilivyokuwa.

Walikuwa watu watano mezani, Mzee Mathayo katikati. Hakunitania. Kaika alikuja amevaa shati jeupe, lilelile alilovaa kwenye karamu ya Kidodi, amelipiga pasi. Nilisimama nikajieleza vizuri sana. Nikasema sisi timu yetu ni ya utani na kijana huyu ni mtani wangu, muulizeni.

Mzee Mathayo akamgeukia. "Ndugu Makarius anasema wewe ni mtani wake. Ni kweli?"

"Anasema hivyo," Kaika akajibu.

"Basi mtanie. Alikutania mbele za watu, nawe mjibu mbele za watu. Sema lolote. Hapa hakuna atakayekugusa."

Dada, nilifurahi! Nilikwishapanga uso wangu kucheka. Nikamkonyeza kabisa, kama kumwambia, haya, nipige. Wakamngoja. Feni ilikuwa inazunguka juu yetu.

"Huna neno?" Mzee akamuuliza.

"Ninalo," akasema. "Kwetu tuna neno la kuwaita watu wa jembe. Si neno zuri. Siku niliyoanza shule mama yangu aliniambia, unakwenda kula chakula chao na kulala kwao, hilo neno liache langoni. Nimekaa nao darasani, nimekaa nao kambini, sijalitoa. Hata leo sitalitoa."

Halafu, bila kuulizwa, akasema habari ya shati. Kwamba siku ile baada ya mechi alikwenda mto Ruaha akaoga kwa sabuni, akavaa hilo shati jipya kwa sababu aliambiwa kuna wageni. Walipocheka alitoka nje, akasimama gizani akalinusa. Lilinuka sabuni. Akalinusa tena, kwa kuwa hakuamini pua yake.

Alisema hivyo tu, bila hasira, kama mtu anayeeleza njia.

Mzee Mathayo akavua kofia akaiweka mezani. Akasema, "Iandikwe kwamba hata mimi nilicheka Kidodi. Nilidhani ni watani." Kisha akaniambia, "Makarius, mtani ni yule anayekurudishia. Huyu umemtukana, naye alikuwa hana pa kukushika." Wakanitoa nje. Waliponiita tena ilikuwa imekwisha. Kazi ya mkoa nimeikosa, na nisisimamie timu yoyote iliyo chini ya chama chao. Jana shamba nalo likanivua umeneja. Nimehamishiwa bohari, naandika marobota ya mkonge yanayoingia na kutoka. Wachezaji walikuja kuniaga mmojammoja, na hakuna aliyenitania hata mmoja.

Nimemwaga unga kwa mdomo wangu mwenyewe, hilo nimelielewa. Lakini kwa nini uliniambia amekubali?

Makarius


Mikumi
10 Agosti 1969

Mdogo wangu Makarius,

Hukuniamkia, na sikulaumu.

Kaika hakusema amekubali. Alisema, "Nitakwenda." Mimi ndiye niliyelitafsiri nilivyotaka, kwa sababu nilitaka kuondoka pale upesi. Sasa nikwambie kwa nini.

Nilikuandikia kwamba nilipewa maziwa nikanywa. Sikunywa. Kile kibuyu wanakisafisha kwa moshi na kina harufu yake, na mimi nilikwenda pale kichwa kikiwa kimejaa kichekesho chako. Niliweka mdomo tu, nikazuia pumzi. Sipora alikuwa ananitazama. Alikipokea kibuyu, akakiona kimejaa vilevile, akanishukuru kwa kuja. Alinishukuru, Makarius! Nimekuwa mwalimu miaka yote hii nikiwaambia watoto wasibaguane, na sikuweza kumeza funda moja la maziwa.

Na lile jambo la shuleni ni hili. Nilipowasomea walimu barua yako, Mwalimu Domina alikwenda darasani bado anaigiza, anayumba na mkono puani, watoto wakamuuliza anacheka nini, akawaambia. Wiki ileile ikawa mchezo wa shule nzima. Miriamu akipita kwenda kisimani, pua zinazibwa. Akisimama kujibu swali, kuna mtu nyuma anakohoa. Mimi nilikuwa naona. Nilimchapa mmoja, nikamgombeza mwingine, lakini sikuwaambia neno la maana, kwa sababu ningewaambiaje mimi? Kilichowafikia kilipita mdomoni mwangu. Halafu siku moja kiti chake kilikuwa kitupu. Siku nilipokwenda bomani kukuombea wewe, Miriamu alikuwa amekaa nyuma ya nyumba anakamua, na hakuja kuniamkia. Nikajifanya sijamwona.

Nimerudi tena juzi, peke yangu, bila kutumwa. Nilikunywa maziwa mpaka mwisho. Ni mazuri, yana utamu wa moshi. Nikamwomba Sipora amrudishe mtoto shule. Akaniambia, "Mwalimu, wewe ndiye uliyekuja kumwomba mara zote zile. Tulikupa. Sasa unamwomba tena, wewe uleule?" Anasema mahari zimeanza kutajwa.

Wewe umepoteza timu. Mimi bado nina darasa langu na mshahara wangu, na hakuna kamati iliyoniita mahali popote. Sijui nani kati yetu ana nafuu.

Dada yako,
Generoza


Kilosa
24 Agosti 1969

Kwa Kaika,

Salamu. Wapelekee shikamoo zangu wazazi wako, kama watazipokea.

Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila mara naona najitetea. Leo sijitetei. Nilikutukana ukiwa na sahani mkononi, mbele ya wageni, kwa sababu nilijua watu watacheka na nilipenda kuchekewa. Utani niliutafuta baadaye, nilipoona kazi inaponyoka. Hata kukuomba ushahidi nilikuomba kwa faida yangu, sikukuuliza hata siku moja kama uliumia.

Dada yangu ameniandikia habari za Miriamu. Nikikaa bohari naona watoto wameziba pua, na wote wana uso wangu.

Nimefikiri, na naona ni jambo moja tu linaloweza kunitua mzigo huu. Lile neno lenu la watu wa jembe, niambie. Nitakusanya timu nzima uwanjani, na Kornelio, na yeyote unayemtaka, nitasimama katikati, nawe uliseme kwa sauti. Sitajibu. Wakicheka, wacheke mpaka watosheke. Baada ya hapo tutakuwa sawa, mimi na wewe, na nitaweza kupita mbele yako. Taja siku.

Mimi niliyekukosea,
Makarius


Mikumi
7 Septemba 1969

Kwa Bwana Makarius,

Shikamoo. Barua yako imefika. Mama na Baba hawajambo. Nimewapa salamu zako.

Unataka nikutukane ili ulale. Sitaki. Neno hilo si dawa yako. Mama alinikataza, na sasa najua alinikataza kwa ajili yangu, si kwa ajili yenu. Tena hatutakuwa sawa. Ukitukanwa wewe uwanjani, utarudi kwenu Kisanga, na huko kila mtu ni wa jembe. Mimi nikitoka nje ya boma letu kila mahali ni kwenu.

Kuhusu mpira usihuzunike. Mzee Mathayo alinifuata mpaka huku, akaomba radhi kwa Baba kwa kucheka kwake. Nimeanza mazoezi na timu ya mkoa. Meneja mpya hasemi sana.

Lakini kuna jambo unaweza kulifanya kama unataka kufanya kitu. Miriamu analia anataka shule. Anasema atarudi wakiacha. Mwalimu Generoza amewachapa, hawaachi. Wakichapwa wanalipenda zaidi. Wewe ndiye mwenye hilo neno, lilitoka kwako. Panda treni uje. Simama mbele ya darasa, uwaambie ulisema nini Kidodi, maneno yaleyale, ili wajue ni maneno ya mtu mzima aliyekosea. Lakini usiwachekeshe. Wewe ni fundi wa kuchekesha watu, nimekuona. Njoo siku moja usichekeshe.

Miriamu atakuwa nje mlangoni. Wasipocheka, ataingia. Wakicheka, Baba ana mgeni anayemngoja na ng'ombe wake wa mahari wako njiani.

Kaika Kisio


Kilosa
22 Septemba 1969

Kwa Kaika,

Salamu kwako na kwa nyumba yote.

Najua utakuwa umesikia kutoka kwa Miriamu, lakini aliyoyaona yeye akiwa mlangoni na niliyoyaona mimi huenda si mamoja. Nakuandikia upande wangu.

Nilifika na treni ya asubuhi. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi, nasema yale maneno kwa sauti ya chini, bila kukunja uso, bila kuinua mkono. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akahamia behewa jingine. Dada alinipeleka darasani. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, na kabla hajanitambulisha akawaambia watoto kwanza yeye mwenyewe, kwamba lile neno lilifika shuleni kwa mdomo wake, na kwamba alilicheka. Hakuna aliyecheka. Wengine walikuwa wanatazama chini. Nikasema moyoni, kazi imekuwa rahisi.

Nikaanza. Niliwaambia mimi ni nani, nilikuwa na kazi gani, na wewe ni nani na uliucheza mpira vipi siku ile. Kisha nikasema yale maneno kama ulivyotaka, yaleyale. "Huyu tumemtoa zizini juzi tu. Mnauliza kwa nini hakabwi? Mabeki wakimkaribia wanaziba pua."

Mkono sikuinua. Uso sikukunja. Lakini nilinyamaza, Kaika. Nilinyamaza palepale niliponyamaza Kidodi, pale pa kuchekea. Sikukusudia, nakuapia. Ni mdomo uliozoea, umefika mahali pake ukangoja watu. Na watoto wana masikio. Walisikia kwamba wanangojwa. Mmoja akaanza nyuma, kicheko kidogo cha puani, kisha mwenzake, kisha darasa zima.

Niligeuka mlangoni kutazama kama ameshaondoka. Hakuwa ameondoka. Alisimama na mkoba wake, ananitazama. Ndipo akaingia, katikati ya kicheko kile, polepole, bila kungoja kinyamaze.

Ili afike kwenye kiti chake ilibidi apite mbele yangu. Aliponifikia alisimama. Akainua mkono akaziba pua.

Hakuyumba, hakuigiza. Aliziba tu, amenikazia macho, muda wa kutosha darasa zima lione. Kicheko kikakatika. Hakuna aliyejua acheke wapi. Mzee Mathayo alitaka mtu anirudishie, na wewe ulikataa, na ulikuwa na haki. Yule mtoto amenirudishia bila neno. Nilikuwa nimekuandikia kwamba nikitukanwa nitapumzika. Sikupumzika. Nilitaka kumwambia kwamba nilioga.

Akaenda akakaa, akatoa daftari. Dada akachukua chaki, akaandika tarehe ubaoni. Nikaona mimi sina kazi tena pale.

Mwambie mzee Kisio, kama neno langu bado lina uzito wowote kwake, kwamba watoto walicheka na kosa lilikuwa langu, si lao, na kwamba Miriamu aliingia mwenyewe bila msaada wa mtu. Kwa hiyo yule mgeni na ng'ombe wake, naomba awarudishe. Jumatatu ijayo nitakwenda tena shuleni. Dada amesema nikae nyuma tu, nisiseme kitu.

Kituoni treni ilichelewa. Nilisubiri nyuma ya stoo ya mizigo mahali pasipo na watu, na huko nikajikuta nanusa shati langu.

Makarius